Geuza Ruta Kwanza, Usome Chini Yake

Ukiombwa usasishe ruta ya mtu, kile kifaa kinachogawa waifai nyumbani, usianze na kompyuta. Igeuze, usome kibandiko kilicho chini yake. Pale pameandikwa jina la modeli, na ubavuni mwa jina, kwa herufi ndogo zinazomlazimu mtu mzima avae miwani, pameandikwa toleo la kifaa: V1, V2, V4 na kuendelea. Herufi hizo ndogo zina uzito kuliko jina lenyewe. Ruta mbili zinaweza kuwa na jina moja, umbo moja na antena sawasawa, na ndani zikawa na chipu tofauti na kumbukumbu ya ukubwa tofauti. Fimwea, ile programu inayoiendesha ruta kutoka ndani, hutengenezwa kwa ajili ya chipu. Ukiitia ya V2 ndani ya V4, ukiwa na bahati ruta itaikataa. Ukikosa bahati itaipokea, kisha haitawaka tena.

Haya nimejifunza hapa Amu, yaani Lamu, katika nyumba yetu ya Mkomani na nyumba za jamaa na majirani kuanzia Langoni hadi Shela. Sikuyasomea chuoni. Dari yetu, yaani ghorofa ya juu, tunaipangisha kwa wageni, na mgeni wa siku hizi akishashuka kwenye boti ya Mokowe, akishapewa maji ya kunywa, swali linalofuata ni waifai. Basi ikabidi mmoja wetu aijue ruta, na ikaniangukia mimi. Kisha khalati, mama yangu mdogo, akaniita, kisha ami, baba yangu mdogo, kisha jirani wa khalati, na sasa hata nikipita Usita wa Mui, njia kuu ya mji, nasikia sauti kutoka dukani: "Ndoo," yaani njoo, "mwanangu, utazame ruta yangu, imelegea."

Nyumba zetu za mawe zina tabia yake, na anayeishi Nairobi kwenye fleti ya kuta nyembamba hawezi kuijua. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene karibu nusu mita. Vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu upana wake hufuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Mawimbi ya waifai yakikutana na ukuta wa namna hii hayapiti, au hupita yamechoka. Ruta ukiiweka karibu na daka, kibaraza cha mlangoni, waya unapoingilia, chumba cha ndani hakipati kitu. Kwa hiyo watu huongeza ruta ya pili kwenye msana, ule ukumbi wa ndani, na ya tatu juu darini, na mara nyingi hizo za nyongeza ni za zamani: ile iliyotolewa kazini ilipokuja mpya, au aliyoleta ndugu kutoka Ghuba. Huwekwa ndani ya kidaka, kile kishubaka cha ukutani, au juu ya kabati, waya hufichwa nyuma ya pazia, na maisha huendelea.

Hizo ndizo ninazozitafuta kwanza ninapoingia nyumba ya mtu. Nyumba nyingi zina ruta moja ambayo kila mtu anaijua na moja au mbili zilizosahauliwa. Ile inayojulikana hupata kuzimwa na kuwashwa, hupata kufutwa vumbi, kampuni ikituma fundi huiangalia. Ile ya darini iko pale miaka, inafanya kazi, na kwa kuwa inafanya kazi hakuna anayeuliza ina programu ya mwaka gani.

Mfano wa kwa nini hilo ni tatizo ni huu. Oktoba 2017, mtafiti Mathy Vanhoef wa chuo kikuu cha KU Leuven, Ubelgiji, alitangaza ufa katika WPA2, ule ulinzi unaofunga waifai za majumbani. Ufa huo uliitwa KRACK. Uligusa zaidi upande wa kifaa kinachojiunga na waifai, kama simu na laptopu, kuliko upande wa ruta inayoitoa. Watu wengi waliposikia hivyo walituliza nyoyo: simu itajisasisha yenyewe, ruta iko salama. Lakini ruta ya darini ambayo kazi yake ni kuchukua mawimbi ya ruta ya chini na kuyarudia, mbele ya ile ya chini nayo ni kifaa kinachojiunga. Kwa hiyo ruta za kurudia mawimbi, ambazo nyumba zetu zimejaa, ndizo zilizohitaji marekebisho yale kuliko zote, na ndizo ambazo hazikuguswa. Mpaka leo nikikuta moja ya namna hiyo yenye fimwea ya kabla ya mwisho wa 2017, kazi huanzia hapo.

Nyumba ya khalati ndiyo iliyonifundisha zaidi. Yeye hushona kofia na kuziuza kwa simu, wateja wake wako Mombasa na Unguja na hata Oman. Alilalamika kwamba akifungua kurasa za kawaida hupelekwa kwenye kurasa za kamari, na akadhani simu yake imeingiwa na virusi. Mtoto wa jirani alikuwa ameisafisha simu ile, akafuta programu, na tatizo likarudi siku ileile. Nilimwomba kila aliyekuwepo afungue ukurasa mmoja kwenye simu yake, kwanza kwa waifai ya nyumba, kisha kwa bando lake mwenyewe. Kwa waifai, simu zote zilipelekwa kwenye kamari. Kwa bando, hakuna hata moja. Ikiwa simu zote zinaugua ndani ya nyumba na zinapona mlangoni, ugonjwa hauko kwenye simu.

Niliingia kwenye ukurasa wa ruta. Kwa nyingi huwa ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1, imeandikwa kwenye kibandiko kilekile cha chini. Jina la kuingilia lilikuwa admin na paswadi ilikuwa admin, vile ilivyotoka kiwandani, kwa sababu fundi aliyeifunga hakubadilisha kitu. Usimamizi wa kutoka nje ulikuwa wazi, maana yake mtu yeyote duniani mwenye anwani ya ruta ile angeweza kufikia ukurasa ule. Na sehemu ya DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba za anwani, ilikuwa na namba mbili ambazo hazikuwa za kampuni yake ya intaneti wala zile zinazojulikana kama 8.8.8.8 ya Google au 1.1.1.1 ya Cloudflare. Mtu aliingia, akaweka namba zake, na tangu hapo kila jina khalati aliloandika lilikuwa likipita kwanza kwa mtu huyo kuulizwa njia.

Khalati aliponiona nimekaa kimya aliniuliza, "Mwanangu, wameona pesa zangu?" Nilimwambia ukweli: M-Pesa yake haipiti kwenye ruta kwa namna hiyo, menyu yake iko kwenye laini ya simu, lakini paswadi zote alizowahi kuandika kwenye kurasa akiwa nyumbani tuzibadilishe jioni hiyohiyo, tukitumia bando. Tulikaa tukazibadilisha moja baada ya nyingine. Nilikasirika sana siku ile, na bado nikikumbuka nakasirika, kwa sababu mama mtu mzima anayejitafutia kwa mikono yake alikuwa ameachiwa kifaa kilicho wazi na mtu aliyelipwa kukifunga.

Sasa hapa ndipo watu wengi hukosea, hata mafundi. Wakikuta ruta imeingiliwa, huichomeka sindano kwenye kitundu cha kuriseti, huirudisha kwenye hali ya kiwandani, huweka paswadi mpya na kuondoka. Kuriseti hufuta mipangilio tu. Fimwea hubaki ileile ya zamani, na ufa wake uleule. Kama aliyeingia alitumia paswadi ya kiwandani, umemzuia. Kama alitumia ufa wa programu, atarudi.

Tena kuna wadudu, yaani programu za uharibifu, wanaojua kujificha kuliko hivyo. Mei 2018 watafiti wa Cisco Talos walitangaza habari za VPNFilter, mdudu aliyekuwa ameingia kwenye vifaa visivyopungua 500,000 katika nchi zisizopungua 54, vikiwemo vya Linksys, MikroTik, NETGEAR na TP-Link. FBI ya Marekani iliwaomba watu wazime na kuwasha ruta zao, na habari hiyo ikaenea mpaka huku kwa ujumbe wa WhatsApp: zima, washa, umepona. Ujumbe ule uliacha nusu ya habari. Kuzima na kuwasha kulifuta sehemu za juu za mdudu huyo, lakini sehemu yake ya kwanza ilikuwa imeandikwa mahali ambapo kuzima hakufiki, na kazi yake ilikuwa kuita zile nyingine upya. Dawa kamili ilikuwa kuirudisha ruta kiwandani na kuitia fimwea mpya.

Kwa hiyo kwa khalati nilifuata utaratibu ninaoufuata mpaka leo. Kabla ya kuriseti, nilifungua ukurasa wa intaneti ndani ya ruta nikaandika kwenye daftari jina na paswadi ya PPPoE, yale maneno ambayo kampuni hutumia kumtambua mteja. Usiruke hatua hii. Nimeitwa nyumba nyingi ambazo mtu aliriseti ruta bila kuyaandika, akabaki bila intaneti akisubiri kampuni ipokee simu, na siku za mwisho wa wiki husubiri sana. Kisha kwa bando la simu yangu nilipakua fimwea kutoka tovuti ya mtengenezaji mwenyewe, kwa modeli na toleo lililoandikwa chini ya ruta. Nilichomoa waya wa intaneti. Nikairiseti, nikaunganisha laptopu kwa waya, nikaitia fimwea mpya, nikabadilisha paswadi ya msimamizi, nikazima usimamizi wa kutoka nje, nikarudisha DNS, na mwisho kabisa ndipo nikaurudisha waya wa intaneti. Maana ya kufuata mpangilio huo ni kwamba ruta yenye fimwea ya zamani na paswadi ya kiwandani isikutane na intaneti hata kwa muda mfupi. Mwaka 2016 mdudu aitwaye Mirai alitapakaa duniani kwa kujaribu tu orodha fupi ya majina na paswadi za kiwandani, kifaa kwa kifaa, bila kupumzika. Warithi wake bado wanazunguka.

Kuhusu faili lenyewe, mara nyingi hushuka likiwa limefungwa ndani ya zip. Lifungue kwanza. Kinachopakiwa kwenye ruta ni kile cha ndani, ambacho kwa kawaida huishia na .bin. Mtengenezaji akiweka namba ya uhakiki ya SHA-256 ukurasani, ilinganishe; kwenye Windows amri ya certutil inatosha. Faili lililokatika njiani kwa sababu ya mtandao wa kusuasua ni hatari kama faili la modeli nyingine. Na sichukui fimwea kwenye kurasa za watu wanaosambaza mafaili, hata kama ya mtengenezaji inachelewa kushuka.

Hatari kubwa zaidi huku kwetu ni stima. Ruta ya bei ya kawaida inaposasishwa hufuta programu ya zamani na kuandika mpya juu ya kipande kilekile cha kumbukumbu. Stima ikikatika katikati, ya zamani imeondoka na mpya haijakamilika. Ruta za bei ya juu zina vipande viwili na zinaweza kurudi kwenye cha zamani, lakini hizo si nyingi mitaani kwetu. Na stima haipigi hodi: usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya nzima iliingia giza kwa mpigo mmoja. Tangu zamani sikubali kusasisha ruta iliyochomekwa ukutani moja kwa moja. Nina betri ndogo ya ruta, ile yenye umbo la kitabu inayotoa volti 12, na ninakwenda nayo kila nyumba. Huangalia kwanza kibandiko cha adapta kama kinasema volti 12 au 9, kwa sababu si zote ziko sawa.

Siku moja nilikuwa dukani kwa ami, Langoni, anapouza kamba, rangi na misumari ya mashua. Betri yangu ilikuwa imeazimwa, nami nilikuwa nimemwambia ami turudi kesho, lakini yeye akatoa betri ya boti iliyokuwa imejaa chaji na kigeuzi chake cha umeme, akasema, "Hii inaendesha taa usiku kucha baharini, haiwezi kuendesha kidude hiki?" Inaweza. Tukaunganisha. Nikapakia faili, asilimia zikaanza kupanda, kisha taa zote za ruta zikazima isipokuwa ile ya stima, ambayo ilianza kupepesa upesi upesi. Hapo ndipo mtu asiyejua hutaka kuizima. Kijana wa dukani akaja na birika la stima, anatafuta pa kuchomeka, mkono wake ukaelekea kwenye kigeuzi. Birika peke yake lingekiangusha kigeuzi kile. Ami hakupandisha sauti, alimshika mkono tu, akamwambia, "Mwache amalize. Chai haikimbii." Tukakaa tukitazama taa ile. Baada ya dakika kadhaa ikatulia, ya waifai ikawaka, na simu ya ami ikalia mara tatu nne kwa ujumbe uliokuwa umekwama.

Na ikishakufa? Si zote zinazoonekana zimekufa zimekufa kweli. Ruta nyingi zina programu ndogo ya kuwashia ambayo fimwea haiigusi, na watengenezaji wengine wameiwekea njia ya kuokolea. Kwa ruta nyingi za TP-Link, kwa mfano, laptopu hupewa anwani 192.168.0.66, fimwea sahihi hubadilishwa jina kuwa tp_recovery.bin na kuwekwa kwenye programu ya kutuma mafaili iitwayo TFTP, kisha unashikilia kitufe cha kuriseti huku ukiiwasha ruta. Ikiwa hai, italivuta faili yenyewe. Jirani wa Shela aliniletea ruta ambayo mwanawe aliikatia stima katikati, tayari wamenunua nyingine. Ilikuwa ya mtengenezaji mwingine, yenye njia yake tofauti kidogo, na jioni hiyo ilirudi. Inahitaji waya, subira na kusoma maelekezo ya modeli ileile. Kwa waifai haiwezekani.

Kuna ruta ambazo si zako kuzisasisha, nalo hili watu hawalijui. Ile ambayo kampuni ya intaneti imekuletea pamoja na huduma mara nyingi husimamiwa na kampuni kutoka mbali, kwa mfumo uitwao TR-069. Ukiingia ndani hukuti hata mahali pa kupakia fimwea. Mimi siupingi utaratibu huu. Kwa nyumba ambayo hakuna wa kuangalia, ni afadhali kampuni iangalie. Ila mfumo huo nao unaweza kuwa na ufa. Novemba 2016 wateja karibu 900,000 wa Deutsche Telekom nchini Ujerumani walipoteza huduma kwa sababu ya mashambulizi yaliyopitia poti 7547, yaani mlango wa mtandao wenye namba hiyo, poti ya usimamizi wa aina hiyo, na dawa ikawa fimwea mpya ambayo ruta ziliichukua baada ya kuzimwa na kuwashwa. Kwa hiyo kwa ruta ya kampuni nafanya mambo mawili: naingia kuangalia tarehe ya fimwea, na kama ni ya miaka mingi napiga simu na kuuliza kwa jina la modeli na toleo. Swali la "mbona intaneti iko chini" hujibiwa na mtu wa zamu kwa "zima uwashe". Swali lenye jina, toleo na tarehe hupelekwa kwa mtu mwingine, na mara kadhaa nimeona fimwea ikifika baada ya siku chache.

Ami aliniuliza jambo ambalo wengi huniuliza: kama kitu kinafanya kazi, kwa nini kiguswe? Nilimjibu kwa kazi anayoijua. Jahazi haingojwi ivuje ndipo ipandishwe pwani. Hupandishwa kila msimu, ikiwa nzima, ikakalafatiwa na kupakwa, kwa sababu bahari haiachi kuutafuta upenyo. Alicheka, akasema basi niifanyie ruta yake kalenda. Nikaifanya kweli. Mfunguo Sita huwa Maulidi, mji hujaa, kila nyumba ina wageni na kila mgeni ana simu. Huo si wakati wa kusasisha kitu. Mimi huzizungukia ruta zote ninazozijua Mfunguo Tano, kuanzia za darini, na nikimaliza hakuna anayeniita usiku wa kasida kwa sababu ya waifai. Kati ya Maulidi na Maulidi huangalia tena kukitokea habari ya ufa mkubwa. Ufa wa MikroTik wa 2018, kwa mfano, haukungoja kalenda: kampuni hiyo ya Latvia ilitoa marekebisho Aprili mwaka ule, na miezi baadaye ruta maelfu kwa maelfu duniani zilikuwa bado hazijasasishwa, wezi wakizitumia kuchimbia sarafu za kidijitali. Ruta hizo ndizo zinazopendwa na nyumba za wageni na vijana wanaouza waifai mtaani, basi anayezitumia asisubiri mtu.

Ruta mpya nyingi zina uwezo wa kujisasisha zenyewe. Mimi huuwasha. Najua wapo wanaoogopa kwamba itajisasisha stima ikiyumba, na hofu hiyo ina msingi, lakini nimeona ruta nyingi zaidi zikiharibiwa na kutoguswa kuliko zilizoharibiwa na kujisasisha. Iweke kwenye betri ndogo, uchague saa ya alfajiri, uiache. Ukiwa humo ndani zima WPS, ile ya kujiunga kwa kubonyeza kitufe au kuandika tarakimu nane; udhaifu wa tarakimu zile umejulikana tangu Desemba 2011 na bado nazikuta zimewashwa. Na hifadhi nakala ya mipangilio kabla ya kusasisha, ruta nyingi zina kitufe chake. Itakuokolea nusu saa.

Lililo zito zaidi ni ruta ambayo mtengenezaji ameshaiacha. Unafika kwenye ukurasa wake, unakuta fimwea ya mwisho ni ya miaka mingi nyuma na maneno kwamba haitatoka nyingine. Inawaka, inatoa mawimbi, haina kasoro ya kuonekana kwa macho. Januari 2024 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba imesafisha mamia ya ruta ndogo zilizokuwa zimetekwa, na nyingi zilikuwa za Cisco na NetGear za namna hii hasa, zilizopita umri wa kusaidiwa. Uingereza imekuwa na sheria tangu tarehe 29 Aprili 2024 inayokataza paswadi moja ya kiwandani kwa vifaa vyote na kumtaka mtengenezaji aseme waziwazi atakitunza kifaa mpaka lini. Ningependa kuona tarehe hiyo kwenye maboksi ya madukani kwetu, kwa herufi kubwa, karibu na bei. Mama anayenunua ruta Mombasa ana haki ya kujua kama ananunua miaka mitano au miezi mitano.

Wakati mwingine kuna njia ya kuiongezea umri. Mwaka 2003 Linksys ilitoa hadharani msimbo wa programu ya ruta yake ya WRT54G, na kutokana na msimbo huo mwaka 2004 ukaanza mradi wa OpenWrt, fimwea huria ambayo leo hufanya kazi kwenye modeli nyingi sana. Ruta yetu ya darini inaendeshwa na OpenWrt, na inapokea marekebisho ambayo mtengenezaji wake aliacha kuyatoa. Kabla ya kuitia, angalia orodha ya mradi: modeli, toleo, na ukubwa wa kumbukumbu. Zile za zamani zenye megabaiti 4 za kuhifadhia hazifai tena kwa matoleo mapya.

Aliyoleta binamu kutoka Muskat haikuwemo kwenye orodha. Ilikuwa nzuri, antena nne, lakini ilifungwa kwa kampuni ya kule, fimwea ya kawaida ya mtengenezaji iliikataa, na ya kampuni ile haikupatikana kwa mtu asiye mteja wao. Nilimwambia ami kwamba hii itolewe kazini. Hakupenda. Alisema imesafiri mbali, na kwamba angalau aiuze kwa kijana wa mtaa wetu wa Kashmiri anayezitafuta za mitumba. Tulizungumza sana juu ya hilo, na ninamshukuru kwamba alinisikiliza: tukimuuzia kijana yule, ataifunga kwenye nyumba ya mtu mwingine, na mwaka ujao nitaitwa huko. Mwisho aliinunulia msana ruta mpya ya bei ya chini, ambayo mtengenezaji wake bado anaitolea fimwea, nasi tukaisajili kwenye daftari: modeli, toleo, tarehe ya fimwea, na kidaka ilimowekwa. Ile ya Muskat niliiriseti kabla ya kuitoa nyumbani, kwa sababu ndani yake mlikuwa bado na jina la waifai ya nyumba na paswadi yake, kisha nikachukua adapta yake ya volti 12, ambayo ni nzima na inatufaa.